Ng'ombe Uliyemtenga

Papa yangu mpendwa, uliye juu kule Kirungu,

Simu hushiki, na nikimuuliza Mama habari zako ananijibu salamu tu. Basi nimeandika. Na nimeandika wazi, anayetaka kusoma asome, kwa sababu wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba habari ya nyama haisemwi kwa kunong'ona. Nina hasira na wewe, Papa. Acha nianzie hapo, usije ukadhani hii ni barua ya kuomba radhi.

Unazikumbuka asubuhi zetu pale ufukweni Kalemie? Boti za kutoka Moba zilipokuwa zinafunga kamba, wewe ulikuwa umeshafika, koti jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni, na mimi nyuma yako na ndoo. Wachuuzi wa nyama walikuita Papa Dokta ingawa ulikuwa muuguzi wa mifugo, nawe hukuwahi kuwasahihisha. Ulipenda, sema kweli. Ng'ombe walishuka kwenye ubao miguu ikiwatetemeka kwa mawimbi ya ziwa, mimi nikakimbilia kuwashika pua, ukanivuta nyuma.

"Mutazame kwanza akishuka," ulikuwa unasema. "Ukimugusa mbele ya kumutazama, mukono utakudanganya."

Tukatazama miguu, mbavu, na jinsi wanavyopumua, ndipo tukaenda nao machinjioni. Huko ndiko nilikojifunza kusikia kisu. Siku moja ulipasua tezi za pafu la ng'ombe, ukaniambia nifumbe macho nisikilize. Kisu kilikwaruza kama kinapita kwenye mchanga.

"Unasikia? Hiyo njo kifua kikuu. Nyama muzima haina muchanga."

Mwenye ng'ombe alilia, mwanaume mzima, akakushika koti akikusihi. Hukumkaripia. Uliimwagia nyama yote mafuta ya taa, mtu asije akaifukua kwa njaa, ukamsaidia kuchimba shimo kwa mikono yako, kisha ukamchukua mkaenda kunywa chai. Siku ile nilikuona mkubwa, Papa. Sijamwona mtu mkubwa kukuzidi.

Ndiyo maana nilipomaliza shule na ndugu zako wakakusanyika kunipangia maisha, sikuwa na wasiwasi. Wote walitaka niwe daktari wa watu. Shangazi alipiga kofi pajani: "Musichana ana akili hivi, anaenda kusomea mbuzi?" Watu wakacheka. Wewe ulikuwa unakula ugali na ndakala, dagaa wetu wa ziwa, hata kichwa hukuinua.

"Mwenye kuponya ngombe anaponya na mama mwenye kununua maziwa yake," ulisema. "Mumuache asome."

Kikao kikaishia hapo. Miaka yangu yote ya Lubumbashi nilijirudia maneno hayo kila masomo yaliponielemea. Wenzangu wengine walikuja kwenye kazi hii kwa kupenda wanyama, wengine kwa kukosa nafasi ya udaktari. Mimi nilikuwa nawaambia Papa yangu anaponya wote, watu na wanyama, na kwamba mimi nakwenda kushika nafasi yake. Niliyasema kwa majivuno ambayo leo yananichoma.

Nilirudi, ukastaafu, ukapanda milimani na Mama kufuga. Muhuri wa kupitisha nyama nilipewa na ofisi. Wewe ulinipa kisu chako. Ninacho mpaka sasa, mpini umelika kwa kidole chako, na kidole changu kinaingia mulemule.

Sasa nikuambie yaliyotokea, maana hukuwepo, na nadhani ulipanga usiwepo.

Kalunga, mchungaji wako, alishuka na ng'ombe watatu. Nilifurahi kama mtoto. Nilidhani umeniletea na asali. Wawili walishuka vizuri. Wa tatu, yule mwekundu, alisimama katikati ya ubao akashusha kichwa na kukohoa, mbavu zinahesabika. Nikamtazama. Kabla sijasema neno, Kalunga akanipa ujumbe wako mbele ya wachuuzi wote.

"Mama Dokta, Papa anakusalimia. Anasema hizi ni ngombe zake mwenyewe, usijichokeshe kukata-kata. Piga tu kashe."

Kashe, muhuri ule ule. Na wachuuzi wakaitikia kwa kichwa, wameridhika, maana ng'ombe wa Papa Dokta nani atamtilia shaka? Kwetu, Papa, kitu kilichotoka kwa mzazi hupokelewa kwa mikono miwili, hakigeuzwi-geuzwi mbele ya aliyekileta. Wewe ndiye ulinifundisha na hilo pia. Ulijua nitaona haya. Uliichukua adabu uliyonilea nayo ukaifungasha pamoja na ng'ombe mgonjwa, ukaipandisha boti.

Nilikata. Mchinjaji alipomaliza kazi yake nilitoa kisu chako, nikafumba macho kama ulivyonifundisha, na mchanga ukalia. Kwenye pafu, kwenye tezi, kwenye ini. Niliimwagia nyama mafuta ya taa mwenyewe. Wachuuzi walinitazama ninavyoichoma heshima yako mchana kweupe, mama mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Hata ya Papa yake?"

Ningeweza kukusamehe kama hukujua. Nilikutafutia udhuru wa kila namna: macho yamezeeka, baridi ya milima ya Marungu inakohoza hata wazima. Kisha Kalunga, akinisaidia kufukia shimo, akasema bila ubaya wowote: "Huyu alikohoa tangu mvua ilianza. Papa alimufunga peke yake, mbali na benzake. Alikatala hata banywe maji fasi moya."

Ulimtenga.

Wenzake uliwakinga. Ulijua ugonjwa, ulijua unavyoambukiza, ulifanya sawasawa kama kitabu kinavyosema. Ukaogopa hasara, ukaangalia ni nani wa kuubeba ugonjwa huo, ukachagua watu wa Kalemie. Ukachagua mama yule uliyemtaja kikaoni, mwenye kununua. Na mkono wa kuwapelekea ukachagua wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nausikia msemo huu nikiwafikiria watu wengine.

Nilikupigia simu jioni ile. Sijui nilitaka useme nini. Labda "nimekosa, mwanangu," basi.

"Ungepiga tu kashe," ulisema. "Mimi ni nani kwako?"

Wewe ni yule wa koti jeupe, nilitaka kusema. Lakini hukunipa nafasi. Ulianza kukohoa, ukakohoa muda mrefu, kisha simu ikakatika. Tangu siku hiyo hushiki.

Ilinichukua siku kadhaa za hasira kukisikia kikohozi kile. Nilikuwa nasikiliza maneno yako tu, nikiyajibu moyoni nikiwa natembea, nikiwa napika. Asubuhi moja nilikuwa nanoa kisu, nikaacha. Papa, maziwa ya ng'ombe yule alikuwa anakunywa nani? Nakujua. Wewe ndiye uliyewaambia watu wote wa ziwa hili wachemshe maziwa, halafu nyumbani unayanywa yakiwa na joto la kiwele, unafuta mdomo kwa kiganja na kusema ya kuchemsha ni ya wagonjwa. Tulikuwa tunacheka, mimi na Mama. Na Mama, naye anakunywa?

Sijakusamehe. Nataka ulisome hilo vizuri, usiruke. Ulinifanya nichague kazi nzima kwa sentensi moja, kisha ukanitaka niivunje mbele za watu kwa sababu safari hii hasara ilikuwa yako. Nitakapokuwa tayari kusamehe nitakuambia, wala usimtume Shangazi.

Lakini mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wewe ulinilea nisiache kiumbe kinachokohoa. Nimeongea na daktari wa kifua hapa mjini, anakungoja wewe na Mama. Ugonjwa huu kwa mtu una dawa. Ng'ombe yule hakuwa na bahati hiyo. Wale wengine msiwakamue mpaka nije kuwapima. Shukeni na boti ya kwanza. Kalunga atabaki zizini.

Nitakuwa ufukweni mapema, pale pale, nimevaa koti langu. Usinyooshe mkono haraka. Nitasimama nikutazame kwanza unavyoshuka.

Ni mimi, binti yako, mwenye kisu chako.