Mashine Ni Nzima

Asabea mwanangu,

Msumeno wa injini nimeuweka nyuma ya mlango. Petroli iliyochanganywa na oili iko kwenye galoni la njano. Mwambie mama yako nimekula kenke ya jana, nimeshiba.

~~Usiiguse mashine mpaka nirudi.~~

Nimekwenda kwa fundi Ntim kumwomba radhi. Jana aliponikabidhi mashine baada ya kuitengeneza, niliivuta kamba, ikagoma, nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Leo asubuhi nimebadilisha plagi, nimesafisha chujio, nimetazama swichi, nikavuta mpaka bega likauma. Kimya. Nikamtukana tena, na mama yake juu. Ndipo ukatoka na taulo lako la kuogea, ukasema, "Baba, hebu lete." Ukakanyaga mpini, ukavuta mara moja tu, ikanguruma.

Hukucheka. Afadhali ungecheka. Uliizima taratibu, ukasema, "Wewe ndiye uliyeipasha moto, Baba." Mwongo mkubwa wewe.

Mkono wangu wa kulia haujarudiwa na nguvu tangu ule ugonjwa wa Pasaka. Nilijua. Niliona heri mbovu iwe mashine.

Bibi Frema anangoja mtu leo, mti umeangukia kakao zake. Miaka thelathini wananiita mimi. Nenda wewe. Vaa buti zangu, anza na matawi, usisimame upande wa chini wa mteremko. Wakiniulizia, usiseme naumwa. Sema mkata miti sasa ni wewe.

Baba yako