Kikombe Changu na Ndoo ya Aziza

Mjukuu wangu Neema wa Bafwasende,

Huko mmeamkaje? Nina miaka kumi na sita tu, lakini nilirithi jina la koko, bibi yetu marehemu, nyumba nzima inaniita Koko, basi pokea salamu za bibi yako. Hapa Mangobo tuko salama, papa amepona malaria.

Unauliza kama ni vibaya kumwonea wivu mtoto mchanga anayebebwa na mama yako siku nzima. Bon, nikusimulie.

Tonton, mjomba wetu, alitupatia miche ya mianzi, tuiweke barazani chini ya bati. Itakayostawi ingepandwa kwenye korongo linalomega kiwanja chetu. Dada yangu Aziza aliambiwa amwagilie ndoo nzima kila siku. Mimi, kikombe.

"Tonton, miche yangu iko na kosa gani?"

"Haina kosa. Ngoja tu."

Aziza akacheka: "Koko, mwagia na kijiko ya chai!"

Niliyaonea wivu hata matope yake. Kisha majani ya miche yake yakageuka manjano. Tulipong'oa mmoja, mizizi ilikuwa imeoza kwa maji mengi; kumbe tonton alikuwa akijaribu kipimo. Yangu ilikuwa imechipua, na ndiyo tuliyoipanda korongoni.

Sasa Aziza ananinunia, na nakiri, inanifurahisha kidogo. Lakini kikombe changu namwachia karibu na miche yake iliyobaki, maana wivu ule naujua.

Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Kama leo huwezi, hata kesho.

Koko wako