Wifi Aliomba Sindano, Mimi Nikatafsiri Vitanda

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujakunja uso, maana jambo hili nimelibeba peke yangu mwaka na nusu, hadi juzi nilipomwambia mume wangu.

Mimi ni karani katika hospitali ya misheni, nina mume na watoto wawili, na kwa kuwa naijua lugha ya wageni kuliko wenzangu pale ofisini, wafadhili wakija ni mimi ninayesimama katikati kuwatafsiria. Hospitali inaongozwa na Mchungaji, ambaye siwezi kumwita mtu mbaya, kwani ndiye aliyenisomesha baba yangu alipofariki na ndiye aliyenifungisha ndoa. Kwake yeye kuzuia mimba ni kumfungia Mungu mlango, na hilo analisema mimbarini bila kupepesa macho. Lakini chumba namba nne kilikuwepo kabla yake, na humo nesi mmoja mtu mzima alikuwa akichoma sindano za miezi mitatu na kuweka vipandikizi na vitanzi, na Mchungaji alikuwa akiupita mlango ule kana kwamba ni ukuta.

Wiki ambayo wageni walikuja kuwauliza akina mama wanahitaji nini, Mchungaji aliniita ofisini, akafunga mlango mwenyewe, akaniambia, "Binti yangu, wanaotoa sadaka kule kwao ni watu wa imani kama sisi. Neno lile likitajwa tu, wanafunga mfuko wote, na wadi ya wazazi hatuijengi tena. Wewe ni mtu wa nyumba hii. Utajua cha kutafsiri." Nikamjibu, "Ndiyo, Baba."

Mkutano ulikuwa ukumbini, akina mama wamejaa kwenye viti vya plastiki, Mchungaji mstari wa mbele, na pembeni yake mgeni mkubwa, mwanamke mrefu ambaye akina mama walishambatiza Mama Daftari kwa sababu kila ukikohoa anaandika. Wa kwanza kusimama alikuwa wifi yangu. Wifi ni fundi cherehani, mke wa kaka yangu ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na amezaa mara tatu, zote kwa upasuaji, na daktari alishamwambia wazi kwamba mfuko wake wa uzazi umebaki mwembamba na mimba nyingine inaweza kumuua. Akasema, na maneno yake nayakumbuka yote, "Waambie sisi hatukatai kuzaa, tunakataa kufa. Waambie sindano zinaisha katikati ya mwezi, tunarudishwa nyumbani mikono mitupu, na waume zetu hawana habari kwamba dawa imeisha. Kitu cha kwanza tunachotaka ni chumba namba nne kisikose dawa." Ukumbi mzima ulicheka na kumpigia makofi.

Mimi nikamgeukia Mama Daftari nikasema kwa lugha yake, "Anasema akina mama wanajifungua kwa shida, wanaomba wadi yenye vitanda vizuri na vifaa vya watoto wachanga." Akaandika. Wifi akanitazama, akaniuliza, "Yote niliyosema yametoshea humo?" Nikamwambia lugha yao ni fupi, na watu wakacheka tena. Baada yake walisema akina mama sita, na wanne kati yao walisema lilelile, na wote wanne nikawafanyia vilevile.

Wadi ikajengwa, nzuri kweli, rangi mpya, mashuka meupe. Chumba namba nne dawa zilipoisha hazikuletwa nyingine, kikageuzwa stoo ya mashuka hayo, na nesi akahamishiwa dirisha la kuandikisha wagonjwa. Wifi alipokosa sindano yake alikwenda kituo kingine, safari ya siku nzima kwenda na kurudi, akakuta nako zimeisha, akaambiwa arudi mwezi ujao, na mwezi ujao ulipofika tayari ana mimba. Mimba ilipofika mwezi wa saba mfuko ulipasuka akiwa kwenye cherehani yake, saa nne asubuhi, anashona sare za shule, na mteja aliyekuwa anasubiri ndiye aliyekimbia kumwita kaka. Wakamleta hospitalini kwetu, wakampasua, wakautoa mfuko wa uzazi, yeye akapona, na mtoto hakulia hata mara moja. Siku tisa alilala katika kitanda cha wadi mpya, na mimi nikawa namletea uji, na kila nikiingia ananiambia, "Asante, wifi, bila wewe sijui ningekuwaje."

Sasa wageni wanarudi Alhamisi ijayo kukagua. Nilipokuwa natayarisha faili lao nikakuta taarifa yao ya mwaka jana, na ndani yake wameandika kwamba walikuwa wametenga fungu la uzazi wa mpango, lakini kwa kuwa, "kwa mshangao wetu", hakuna mwanamke hata mmoja aliyelitaja, fungu limepelekwa nchi nyingine, kwa kuheshimu matakwa ya akina mama wenyewe. Mfuko wao wa sadaka haungefungwa, mshauri. Tungepata vyote viwili.

Na juu ya hapo, Mchungaji amemchagua wifi awe ndiye wa kutoa ushuhuda mbele yao, mama aliyeokolewa na wadi. Wifi amekubali hapohapo, lakini si kwa sababu anayodhani Mchungaji. Aliniambia, huku anapima kitambaa, "Nataka niwaulize uso kwa uso. Niliwaambia, wakaandika, kisha wakaninyima. Waniambie kuna kosa gani katika nilichoomba. Na utanitafsiria wewe, kwa sababu wewe ndiye ninayekuamini." Nikitafsiri swali lake, Mama Daftari atasema hajawahi kuombwa, na nitaumbuka pale pale. Nisipolitafsiri, nimemzika mara ya pili. Mume wangu anasema niseme naumwa siku hiyo, yaliyopita yamepita, tukifukuzwa tutakula nini. Kaka yangu akijua hatanitazama tena. Na kuna jingine ambalo nesi na mume wangu tu ndio wanalijua: mimi mwenyewe nina kitanzi, niliwekewa katika chumba hichohicho namba nne, miaka mitatu iliyopita.

Nifanye nini? Nijiuguze, au niwaandikie wageni barua isiyo na jina, au ninyamaze na kumwachia Mungu?

Mkalimani


MSHAURI ANAJIBU

Mkalimani, nimekusoma mpaka mwisho, na uso nimekunja.

Nianze na hasira ambayo si yako. Hao wageni walikuja kuwauliza wanawake kuhusu miili yao, wakamketisha mkuu wa hospitali mstari wa mbele, wakamtumia mkalimani anayelipwa na mkuu huyohuyo, kisha wakashangaa hakuna aliyetaja uzazi wa mpango. Mtu anayeshangaa kweli huuliza mara ya pili. Wao mshangao wao waliuweka kwenye faili, wakahamisha fungu, na wakauita uzembe huo heshima. Wamekaa wapi hawa watu wasijue kwamba mwanamke aliyezaa mara tatu kwa kisu ana la kusema kuhusu mimba ya nne?

Na Mchungaji wako. Ana haki ya kuamini anachoamini, na sitamcheka mtu kwa imani yake. Angesimama mbele ya Mama Daftari akasema, "Akina mama wameomba sindano, mimi nazipinga, na sababu zangu ni hizi," ningepingana naye na ningemheshimu. Hakufanya hivyo. Alichukua mdomo wako akawanyamazisha waumini wake mwenyewe, wanawake wanaokaa kwenye mabenchi ya kanisa lake kila wiki na wanaomwomba Mungu yuleyule. Halafu sasa anataka kumsimamisha mmoja wao amshukuru.

Sasa wewe. Usijifiche kwenye joho la Mchungaji. Yeye alikuambia utajua cha kutafsiri, na wewe ulijua. Hukukosa neno, dada. Neno unalo mwilini mwako. Uliingia chumba namba nne, ukapata ulichotaka, ukatoka, kisha ukasaidia kuufunga mlango huku wifi yako bado yuko kwenye foleni. Na alipokuuliza, mbele ya watu, kama yote yametoshea, ukamfanyia mzaha.

Najua si rahisi kumkatalia mtu aliyekusomesha. Najua pia hukumtakia wifi yako mabaya, na mimba ile hukuitunga wewe. Pengine hata ungesema kweli, dawa zingechelewa. Hatutajua kamwe, na hilo nalo ni sehemu ya ulichomnyang'anya.

Swali lako la kujiuguza silijibu. Kuhusu kumwachia Mungu, Mungu hakuwa mkalimani siku ile.

Utakwenda kwa wifi yako wewe mwenyewe, mchana, bila mumeo, bila kaka yako. Mwombe asimamishe cherehani. Mwambie neno alilosema, kisha mwambie neno ulilotafsiri, yote mawili, bila "lakini" katikati. Mwambie na lile fungu lilikwenda wapi, na mwambie habari ya kitanzi, kwa sababu akija kuisikia kwingine atajua umemficha tena. Usilie mbele yake hadi aanze kukubembeleza. Huyo ametoka kuzika mtoto, hana kazi ya kukufuta machozi. Usimwombe msamaha siku hiyo. Msamaha ni wake, atautoa akitaka, na asipotaka utaishi hivyo hivyo. Kaka yako ataambiwa na mkewe, kwa wakati wake yeye. Akija kukutukana, kaa chini umsikilize.

Ushuhuda wa Alhamisi sasa ni juu ya wifi yako. Akitaka kusema, aseme. Akitaka kubaki nyumbani, abaki. Ila wewe hutatafsiri. Waandikie wageni leo, anwani unayo, waje na mkalimani wao, na waketi na akina mama bila Mchungaji wala mtumishi yeyote wa ofisi. Katika barua hiyohiyo andika walichosema wale wanawake watano, mmoja mmoja, na kabla hujaituma wasomee wenyewe wakusahihishe. Weka jina lako chini. Barua isiyo na jina Mchungaji ataiita chuki ya maadui wa kanisa, na wageni wataishangaa tu kama kawaida yao.

Kisha mgongee Mchungaji mlango umwambie ulichofanya, kabla hajakisikia kwingine. Anaweza kukufukuza. Mumeo anauliza mtakula nini, na ni swali la haki, lakini mwambie kuna watu walikuwa wanakula kwa cherehani iliyosimama siku ile mfuko ulipopasuka. Unajua kuandika, unajua lugha mbili, utapata kazi. Na wakati huo mtafute yule nesi wa dirishani, akuambie ni kituo gani kina dawa wiki hii, na uwapeleke wale akina mama wengine wanne wewe mwenyewe, ukipanga nao foleni.

Ningeweza kuiweka barua yako kabatini mpaka wageni waondoke, ukapumua. Sikuona sababu. Nimebadilisha vitu viwili vitatu, lakini mtu wa mtaani kwenu akiisoma atajua ni nani, na gazeti hili linauzwa mtaani kwenu. Likunje hapo ulipofika, uvae viatu, uende kwa wifi yako.