Herufi Nne Ubaoni

Jumatatu, 11 Agosti
Chai, mihogo, fumbo. Mwalimu Gaspari amechora miraba yake ya fumbo la maneno kwenye ubao wa ofisi ya walimu, kama kila Jumatatu. "Lima kinyumenyume, utajirike": mali. Rahisi. Nimemaliza yote kabla ya kengele, isipokuwa dokezo la saba, la kwenda chini. Nimemwonyesha pia kosa kwenye la tatu, mbele ya wenzetu. Hakupenda.

Jumanne, 12 Agosti
La saba chini: "Vichwa vya taa na sahani. Hazai." Herufi nne. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la sita, jibu likaja lenyewe. Ta. Sa.
Mwezi uliopita mimba yangu ilitoka, ya pili hiyo. Gaspari ndiye aliyenipakia kwenye pikipiki yake, kutoka hapa Kirongwe mpaka hospitali Kilindoni. Kanga yangu ilivyolowa damu, aliiona. Halafu anaandika tasa. Mshenzi.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimemwambia Hamza. Mume wangu kasema niachane na michezo ya ubaoni, akaenda kulisha kuku. Tangu nitoke hospitali hataki habari hiyo itajwe. Nina hasira naye pia. Sijui nani zaidi.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimempa Gaspari chaki, walimu wote wapo.
"Jaza la saba. Ujaze wewe."
Akasoma. Uso ukambadilika. "Mwalimu, nakuapia, sikukufikiria wewe."
"Ndiyo, hukunifikiria. Ulinibeba mwenyewe, Gaspari, na hukunifikiria."
Mwalimu Mkuu, Bi. Zuhura, akaweka kikombe chini, akafuta ubao wote.
Namwamini kwamba hakukusudia. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Angekuwa amekusudia ningemchukia vizuri. Bado nataka kumpiga.

Jumapili, 17 Agosti
Gaspari amekuja na mkewe. Ameomba radhi, hakujitetea. Nimemjibu kwamba nimesikia. Kusamehe, bado. Sikutaka kusema uongo.
Hamza alikuwa kwenye mkeka, kasikia kila kitu. Wageni walipoondoka aliniuliza kama nilikuwa nimeshamchagulia mtoto jina.
Nilikuwa nimemchagulia. Nimemwambia.
Amelirudia taratibu, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili.