Nyapara, Makalavati Yako Nimeyaonyesha

Shikamoo Nyapara,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya toroli lililogeuzwa, nje ya stoo ya vifaa. Mimi na kalamu hatujuani sana, niliachia darasa la tano kule Kasulu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Kuna jambo nimefanya. Sitaki Kibwana akija huko awe wa kwanza kukueleza.

Arobaini yako ilikuwa haijafika walipotuita ukumbini kwa halmashauri, sisi wanne wa mitaro tuliobaki. Tukakaa nyuma na gambuti zetu. Afisa akasoma bajeti ya mwaka mpya, nikaelewa nusu. Nusu niliyoelewa ni kwamba kitengo chetu kinafutwa, kazi atapewa mkandarasi, na itabaki nafasi moja tu ya msimamizi, mtu mwenye cheti cha kidato cha nne. Kibwana akaniegemea, akanong'ona, "Muha, toa basi kile cheti chako cha ubatizo." Nikacheka. Siku ile bado tulikuwa tunacheka.

Sikuogopa sana, kwa sababu nilikuwa na kitu chako.

Hakuna ramani ya ofisini inayoonyesha yale makalavati ya zamani, yaliyofukiwa chini ya barabara kila walipomwaga kifusi kipya. Yalikuwa kichwani mwako. Kabla ya masika ulikuwa unatembea mbele na mtaimbo, unagonga ardhi, unasikiliza, na panapoitikia kama debe tupu unasimama. Tunazibua mdomo, tunatoa tope na mifuko, halafu tunarudisha majani juu ili mpita njia asijue kama hapo pana kitu. Mji haukujua kwa nini haujai maji. Mwaka jana goti lako lilipovimba ulinichukua mimi peke yangu, ukanionyesha yote. Ulisema, "Hawa wengine wana midomo. Wewe hata ukiumwa jino husemi." Halafu ukasema lile neno: "Siku wakijua yalipo, wewe na mimi ni majembe tu. Na majembe yanauzwa dukani."

Kwa hiyo nilikuwa na mpango. Nitasubiri mvua. Maji yakiwashinda nitakwenda kwa Mhandisi nimwambie, nipe ile nafasi, cheti au bila cheti, nami nitakuonyesha njia ya maji. Nilijifunza maneno hayo nikiwa nafua, nikiwa napika, mpaka yakakaa vizuri mdomoni.

Masika yakaja na mitaro haijaguswa. Mtaa wote wa Lipangalala maji. Nyumbani kwako yaliingia mpaka kwenye vitanda. Mkeo, Mama Suzana, alipandisha magunia ya mpunga juu ya meza na godoro juu ya magunia. Uani kwake nikakuta vigingi vya mtaro mpya, maana kwenye bajeti kulikuwa na mtaro mpya, na mstari wake unapita palepale penye jiko lake na choo. Jiko ulilojenga wewe, Nyapara. Tofali zile nilibeba mimi.

Mhandisi alikuwa pale. Ni binti mdogo, suruali imelowa mpaka mapajani, hana hata mwavuli. Nikamfuata na mtaimbo begani na sharti langu mdomoni. Akasema, "Shikamoo baba." Miaka yote hii, mtu wa ofisini hajawahi kuniamkia. Nikaitikia, na nilipotaka kuanza, Mama Suzana akatoka mlangoni na sufuria ya kuchotea maji. Alinitazama mimi, hakumtazama Mhandisi. Akasema, "Marehemu aliniambia unayajua. Unasubiri nini, mpaka na mimi mnizike?"

Sharti lilikataa kutoka. Nikapita kando ya ukuta, nikagonga, pakaitika. Tulizibua hadi adhuhuri. Maji yalipoanza kuondoka yalitoa sauti kama ng'ombe anayekunywa. Mhandisi aking'oa vigingi mwenyewe, kimoja kimoja, Mama Suzana akanipa uji kwenye kikombe chako. Sikuweza kuumaliza. Nilikuwa nashika pale ulipokuwa unashika.

Siku zilizofuata nikamwonyesha mengine. Saba jumla. Kila moja alilipiga picha kwa simu, akapaka jiwe rangi nyekundu.

Orodha ya watumishi wote wanaobaki ilipobandikwa ubaoni sikuliona jina langu. Mhandisi alinifuata mwenyewe. "Nimekuombea baba," alisema, "wamesema lazima cheti." Namwamini. Macho yake hayakuwa ya mtu anayedanganya. Sasa vijana wa mkandarasi wanakwenda moja kwa moja kwenye mawe mekundu. Hawagongi chochote. Uliyoyasema yametokea kama ulivyoyasema.

Kibwana alinikuta mbele ya ubao na wale wawili wengine. "Umetuuza kwa kikombe cha uji," alisema, "tena hata sukari hukudai." Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Yuko Kivukoni sasa anabanika samaki wa watu. Nikimsalimu anageukia moto. Ningenyamaza, pengine wangelazimika kutubakiza wote wanne. Pengine. Usiku silali vizuri kwa neno hilo.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Makalavati ulinionyesha manane. La nyuma ya mashine ya mpunga sikulitaja. Ndilo la mwisho tulilozibua pamoja. Ulikaa chini kwenye tope, unahema, ukaniambia hili liwe langu. Nilidhani unatania. Mwezi haukuisha ukaondoka.

Nililificha nikijiambia ni kwa heshima yako. Si kweli. Nilikuwa nasubiri maji yajae pale, waje kunitafuta, safari hii sharti nilitoe kwanza. Jana mvua ikanyesha nikaenda kusimama pale. Kuna mama mmoja amepanga chumba nyuma ya mashine, anapepeta chenga za mchele anauza. Maji yalikuwa yamebakiza hatua tatu kufika mlangoni kwake. Anaweka mchanga kwenye viroba, ananiambia, "Kaka, haya maji mwaka huu yametoka wapi?" Nikajikuta nafurahi. Nyapara, nilifurahi. Nilikuwa nahesabu hatua za maji kama mtu anayehesabu siku za kufika kwao. Tangu nitoke Kasulu nimelala njaa, nimefukuzwa, nimekuzika wewe, lakini hakuna kilichonitisha kama ile furaha.

Nimeacha kuandika kidogo. Nimerudi.

Kuna mtu Mang'ula anataka mtu wa kulima shamba la ndizi. Kesho nakwenda. Lakini kabla ya gari, na kabla mvua iliyokatika jana haijarudi, nitampeleka Mhandisi nyuma ya mashine. Sitamwomba kitu. Najua hukutaka hivyo, na sitakudanganya kwamba ungenielewa. Ukikasirika, kasirika. Tutagombana tukionana, tutakuwa na muda.

Pumzika, Nyapara wangu. Ulinifundisha kazi nikiwa sina mtu mji huu, ukanilisha mezani kwako, na hilo silisahau popote nitakapolima. Ahadi yangu kwako ni moja, nayo ni kinyume cha neno lako: hakuna mtu atakayelala majini kwa sababu ya kitu ninachokijua mimi.

Ni mimi,
Ezekieli