Mvua ya Kutengeneza Wenyewe

4 Februari

Kaka,

Hujambo huko? Sisi wazima. Mama goti linamsumbua, ila ulimi wake hauumwi hata kidogo. Mimi ndiyo usiseme, nazidi kupendeza.

Kuna jambo. Bosi anataka kuitupa injini yetu, ile programu tuliyoiunda wawili chumba cha uani, inayoendesha magemu yote ya kampuni. Anataka tukodi ya kampuni kubwa, eti kila kitu kimo: vivuli, milango, hata nyasi. Nikamwambia, "Bosi, hii yetu hakuna anayeiweza ila mimi na kaka!" Akanitazama. "Ndicho kinachoninyima usingizi. Ukiugua wewe, nafunga ofisi." Wenzangu wakacheka, wabaya hao.

Amesema ukirudi wewe, tunabaki nayo. Rudi basi! Nijibu kabla mwezi haujaisha.

Mdogo wako, fundi asiye na mpinzani


11 Aprili

Mdogo wangu Domokaya,

Salamu nyingi. Mimi mzima, baridi tu. Mpe Mama pole.

Sirudi. Shemeji yako ni mjamzito, na kwetu sasa ni huku. Kodini. Mtabanwa na masharti ya wenye injini, kweli. Lakini hapa kazini tuna injini yetu wenyewe, na watu arobaini wa kuilea. Ile ya huko ina wewe peke yako. Utazeeka ukikarabati milango isiyofunguka, gemu hutengenezi.

Usininunie.

Kaka yako


2 Juni

Kaka,

Za huko? Shemeji na tumbo hawajambo? Mtoto akifanana na mimi, amebahatika.

Barua yako ilikuta tumeshakodi. Mwezi ulipoisha bila jibu, nilimwendea bosi mwenyewe nikamwambia akodi. Kimya chako nilikisoma, ingawa shule niliikimbia.

Hii mpya kiboko, sikufichi. Vijana wawili walioajiriwa walianza kazi siku hiyohiyo, hata hawakuniuliza kitu. Jana nilitaka mvua ndani ya gemu. Nikabonyeza mara moja, ikanyesha, mpaka mabati yanang'aa. Nikakumbuka yetu: likizo nzima tunahangaika nayo, inapanda juu badala ya kushuka, Mama anachungulia na chai, "Haijanyesha tu?" Ilipoteremka uliniinua kwa furaha, nikagonga kichwa darini.

Nikamwonyesha Mama hii mpya kwenye simu. Akaitazama weee.

"Nzuri," akasema. "Sasa wewe hapo umefanya nini?"

Mimi na domo langu lote, nikamwomba chai. Ungekuwepo ungemjibuje?

Mdogo wako