Aliyebeba Risasi Hakuwa Vitani

Mpagazi ni mtu anayebeba mzigo wa mwingine kwa ujira waliopatana, mpaka mahali palipotajwa kabla ya safari, na mwenye uhuru wa kuutua nguvu zikimwishia.

Nimeiandika maana hii leo Jumanne, hapa Kasongo, mvua ikilowesha nyasi za paa, ili nione kama inamfaa shemeji yangu Kalonda. Haimfai hata kidogo. Alikamatwa shambani kwake Kabambare na askari wa chifu, akafungwa kamba pamoja na wenzake, akatwishwa sanduku la risasi na kuelekezwa Ziwa Tanganyika. Mwisho wa safari alitajiwa akiwa njiani: Tabora.

Ugomvi wenyewe haukuwa wetu. Mjerumani aliivamia nchi ya Wabelgiji huko Ulaya, na hilo, nakubali, lilikuwa dhuluma. Lakini Ubelgiji iliamua kumpiga huku pia, ng'ambo ya ziwa hilo, na pale ambapo reli haikufika, vichwa vya watu wa Maniema vikawa reli. Juu yake zilipita risasi, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, na mchele tulioulima wenyewe. Tabora ikatekwa. Kisha, kwa mapatano yaliyofanywa mbali nasi, ikakabidhiwa kwa Mwingereza.

Sijasikia kwamba sanduku la risasi lilipotea bila mtu kuulizwa.

Kalonda alipotea, na hakuna aliyeulizwa.

Mdogo wangu Agata, mkewe, aliwasili jana kwa miguu kutoka Kabambare. Sababu ya safari yake ingenichekesha kama ingekuwa ya mtu mwingine. Kwao Kalonda, mtu akifia mbali na maiti yake isirudi, ukoo hukata gogo la mgomba, hulivika nguo yake na kulizika, na matanga huishia hapo. Msimu uliopita wa mvua wazee walimfanyia Kalonda hivyo. Lakini baba yake mdogo, aliyekuwa na haraka ya kurudi kwenye pombe, aling'oa mgomba mzima badala ya kukata gogo, akauzika pamoja na mizizi yake.

Ukachipuka.

Sasa watani wa ukoo hawamsalimu Agata bila kumuuliza mumewe ameamkaje na kama jana alikunywa maji ya kutosha. Shangazi zake Kalonda hawacheki. Wanasema mtoto wao amekataa kufa, na hawataki jani hata moja liguswe. Mkulima mmoja aliyefiwa na mke anataka kumwoa Agata, naye Agata anamtaka. Shangazi wamekataa. Padre naye, ambaye halitambui kaburi la mgomba, liwe limechipuka au halikuchipuka, anadai ushahidi wa kifo. Kwa hiyo mdogo wangu si mke wala si mjane. Wa pekee anayeweza kumfungua ni yule aliyemchukua mumewe, yaani serikali.

Asubuhi nikampeleka kwa bwana mtawala wa Kibelgiji. Mimi ni mwalimu, na ndiye mkalimani wake siku za sherehe. Jumapili, mbele ya bendera, alitangaza kwamba Kongo nzima, kila mtu kwa jasho lake, ilishinda Tabora, nami nikayatia maneno hayo katika Kiswahili.

Leo alimsikiliza Agata kwa adabu, kisha akaeleza kwamba serikali hutangaza vifo vya askari. Wapagazi hawakuwa askari, walikuwa wachukuzi tu. Aliyebeba mizigo hakuwa vitani, na asiyekuwa vitani hawezi kuhesabiwa kuwa amefia vitani.

Nilimtafsiria. Agata alimtazama yule bwana usoni bila kuinamisha kichwa.

"Bwana, kama hakukuwa mu vita, basi mumurudishe. Shamba yake iko inamungoja."

Nililigeuza jibu lake kwa Kifaransa bila kupunguza wala kulainisha neno. Bwana mtawala alitazama dirishani. Alisema mvua itaiharibu barabara ya Kabambare, na kwamba ingekuwa vema mama huyu aondoke mapema.

Tulipotoka barazani Agata alitaka kujua amejibiwa nini. Nikamwambia: barabara itaharibika.

"Yaya," akasema, akiniita kama mdogo amwitavyo mkubwa wake, "hata ule mugomba unajibu vizuri kupita yeye."

Tangu hapo nimejaribu kuifuata hoja ya mtawala kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu kufuata hoja, hatua kwa hatua. Jumapili ushindi ulikuwa wa kila mtu. Leo kifo si cha mtu. Siwezi kuziunganisha kauli hizi mbili ila kwa kukubali kwamba dola inaweza kuutumia mwili wa mtu vitani na papo hapo kukana kwamba mwili huo ulikuwapo. Siwezi kulikubali hilo.

Agata anafunga furushi lake. Ameniuliza, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, kama akifika aukate ule mgomba. Akiukata, shangazi watasema amemuua mume wake kwa mkono wake. Akiuacha utazaa, naye ataendelea kungoja kando ya kaburi lenye ndizi.

 Mtu ambaye dola inasema hakuwa vitani, Kanisa linasema hajathibitika kufa, na udongo unasema bado anaota: ni nani mwenye haki ya kumshikia panga?